Majaji Walioomba Kuingia Kesini

Majaji watano waliketi benchi moja bila majoho, wakimtazama jaji wa shirikisho kama sisi wengine. Miaka sita nimefanya kazi ya ukalimani mbele yao, na sikuwahi kuona viatu vyao.

Walikuja kuomba waingizwe kwenye kesi yetu. Tuliishtaki kaunti yetu, nje kidogo ya Washington, kwamba majaji wanapigiwa kura na kaunti nzima kwa pamoja, mpangilio unaozimeza kura za mitaa ya Weusi na wahamiaji. Hao watano, waliochaguliwa kwa mpangilio huohuo, walitaka kuutetea wenyewe. Wadai tulianza watatu, wawili walishajitoa. Nikijitoa na mimi, kesi imekufa. Nisipojitoa, kibarua changu kiko mikononi mwao.

"Mama Ryan, achana nayo," mume wangu Anatoli alinisihi asubuhi ile kwenye foleni ya magari, barabara kuu ya Beltway. "Hao ndio wanaokupa kazi. Wewe nani hasa?"

Nilimkasirikia, maana swali hilo nilijiuliza wiki nzima, nikikata mboga, nikimfunga mtoto viatu.

Jaji wa shirikisho akaniuliza kama bado nataka kuendelea, sasa ninapojua waombaji ni akina nani. Sanaa, wakili wetu, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akaninong'oneza, "Dada Anitha, usi-rush."

Mkalimani akiwa kazini husema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine. Akitaka kujisemea mwenyewe, hujiita "mkalimani". Ndiyo sheria yetu. Nikasimama, nikasema, "Mkalimani anaomba kuendelea."

Watu wakaangua kicheko. Jaji akavua miwani. "Nani anaomba?"

Aibu ilinishika, halafu hasira. "Mimi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Anitha Mushi. Sijitoi."

Majaji waliruhusiwa kuingia siku hiyohiyo, na kesi ikaendelea. Tulipokuwa tunatoka, Jaji Tobias, mmoja wa wale watano, ambaye nilimpenda kuliko wenzake wote, alinishikia mlango.

"Jumatatu nije saa tatu kama kawaida, Mheshimiwa?"

"Tutakupigia," alisema kwa upole.

Upole ule ndio ulioniuma. Muda wote ule hakuna aliyewahi kunipigia. Nilikuwa nakuja tu.