Mnufaika wa Mradi

Kufikia saa mbili asubuhi Kunigunda alikuwa amemaliza ngoro kumi na moja, na mgongo ulikuwa umeshaanza kumkata. Mlima ule umesimama wima. Ukidondosha jembe, unalifuata bondeni. Mwanamume hufyeka nyasi akazipanga miraba, basi, kazi yake imekwisha, anajifuta jasho anakwenda. Mwanamke ndiye anayeinama. Anachimba katikati ya kila mraba, udongo anautupa juu ya nyasi, shimo linabaki, kingo zinasimama, na juu ya kingo hizo anapanda maharage. Hiyo ndiyo ngoro. Wageni huja na kamera zao wakasifu hekima ya Wamatengo ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mgongo hakuna aliyewahi kuupiga picha.

Mgongo wake ulikataa miaka mitatu iliyopita, alipojifungua Lidia kwa kisu. Alirudi shambani kidonda hakijakauka vizuri, maana Machi haimsubiri mtu. Mume wake, Urbani, alikuwa kuli wa makaa ya mawe huko Ngaka, na siku moja alirudi nyumbani na pakiti ya tramadoli, vidonge vya kuua maumivu.

"Wenzangu wote wanameza hizi," alimwambia. "Unapiga koleo mpaka jioni, husikii kitu."

Kunigunda alimeza kimoja, akachimba ngoro thelathini. Mama mkwe wake, Hildegardi, alimsifu mbele ya akina mama wa jumuiya: mwanangu kaoa mwanamke, siyo pambo. Msimu uliofuata kimoja hakikutosha. Vikawa viwili, vitatu, vikafika vidonge vinane kwa siku, na siku Urbani alipochelewa kurudi, Kunigunda alitapika, akatetemeka, miguu ikapiga mkekani yenyewe. Makuli wanaiita arosto. Mwaka jana alianguka kanisani katikati ya misa, povu mdomoni. Watu wakasema ni kifafa, naye hakubisha. Kifafa ni ugonjwa, mtu anakuonea huruma.

Kwa hiyo nyumbani walijua kwamba kila asubuhi anakwenda zahanati kunywa dawa ya kifafa. Urbani aliona tu haombwi tena vidonge, hakuuliza. Ukweli aliujua tabibu Stephano, na daktari mmoja wa mjini ambaye Kunigunda hakuwahi kumshika mkono. Daktari Tunu alitokea kila Alhamisi kwenye kishikwambi cha mradi wa tiba ya mtandao, akamwuliza amelalaje, amekulaje, ametamani vidonge mara ngapi. Akiridhika alituma namba, na namba hiyo ilifungua kasha la dawa kwa siku saba. Kila asubuhi Stephano alimpa kidonge kimoja cha kuweka chini ya ulimi, akakaa naye mpaka kiyeyuke. Hii ilikuwa wiki ya sita. Alikuwa analala. Chumvi alikuwa anaisikia kwenye mboga. Mgongo ulimuuma, tena sana, lakini aliumwa kama wanavyoumwa wanawake wengine, na jioni alikumbuka mtoto wake alisema nini mchana.

Alifuta miguu kwa nyasi, akashuka kwenda zahanati.

Siku hiyo Stephano hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha mgonjwa alikaa mwanamume aliyevaa fulana nyeupe yenye nembo ya mradi, viatu vyake havijaguswa na tope.

"Mama Lidia, huyu ni Bwana Frederick, mratibu wa mradi," Stephano alisema, bila kumtazama usoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hongera sana, nimeona maendeleo yako." Frederick alifungua faili. "Sasa, Alhamisi ijayo tunazindua rasmi. Mgeni rasmi atakuwepo, wafadhili watakuwepo. Tunahitaji mnufaika mmoja atoe ushuhuda. Nimekuchagua wewe."

"Nishuhudie nini?"

"Ulikuwa mraibu, umepata tiba ya mtandao, umepona."

Kunigunda alimtazama Stephano. Stephano alikuwa anapanga upya mikasi iliyokuwa imeshapangwa.

"Baba, nyumbani hawajui. Wanajua nina kifafa."

"Wakijua si watafurahi?"

"Hawatafurahi. Chukueni mmoja wa wale wanaume watatu ninaotibiwa nao."

"Wale ni makuli, hawaeleweki. Mama anagusa mioyo." Frederick alitabasamu, akafunga faili polepole. "Sikiliza, mama. Nafasi hapa ni nne tu. Wenye shida kama yako wamejaa wilaya nzima, wanalia wapate nafasi hii. Nikiandika kwamba mgonjwa namba tatu hatoi ushirikiano, sitakuwa nimesema uongo. Au vipi, tabibu?"

Stephano alisema, "Ndiyo, bwana."

Kishikwambi kikalia. Uso wa Daktari Tunu ukatokea, umechoka, kikombe cha chai pembeni. Frederick aliinuka akasimama nyuma ya kishikwambi, pale ambapo kamera haioni, akakunja mikono.

"Habari za asubuhi, Kunigunda. Kabla hatujaanza, uko peke yako chumbani?"

Aliulizwa swali hilo kila wiki, na kila wiki alilipenda, kwa sababu tangu azaliwe hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza. Alimwangalia Frederick. Frederick aliinua nyusi tu, kama mwalimu anayesubiri jibu ambalo ameshaliandika ubaoni.

"Niko peke yangu, daktari."

"Kuna mtu anakusumbua kwa sababu ya dawa hizi?"

"Hakuna."

"Sauti yako leo iko chini."

"Nimetoka shamba, daktari. Nimechoka."

Namba ikatumwa. Kidonge kikayeyuka.

Alhamisi ya uzinduzi mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Turubai lilifungwa uwanjani mbele ya zahanati, viti vya wakubwa vikavishwa vitambaa, na dishi jipya likasimamishwa juu ya paa. Pembeni ya meza kuu waliweka televisheni kubwa kuliko dirisha lolote kijijini. Kunigunda alifika saa mbili, namba ya wiki iliyopita imekwisha muda jana yake. Stephano alimwambia dawa ya leo atapewa mbele ya mgeni rasmi, ili aone. Mgeni alitakiwa afike saa tatu. Saa tano wakapiga ngoma ya mganda kupoteza muda. Saa sita Kunigunda alianza kupiga miayo na pua ikamchuruzika. Mgeni rasmi alishuka kwenye gari saa nane kasoro, akapewa maji.

Hildegardi alikuwa mstari wa mbele na akina mama wenzake, kitenge cha sare, kigelegele tayari mdomoni. Hakujua mkwe wake amekalishwa pale kwa kazi gani. Alidhani wametafuta mwenye kifafa.

Kunigunda aliitwa, akapewa kipaza sauti na karatasi aliyoandikiwa. Alisoma vizuri, darasa la saba alimaliza na alama nzuri, nani alijali. "Mimi Kunigunda, mkazi wa kijiji hiki, nilikuwa mtumwa wa dawa za kulevya..." Kelele za uwanjani zikakatika. Aliona mdomo wa mama mkwe wake ukifunguka na kubaki hivyo. "Niliitupa familia yangu, nikafuata anasa..."

Hapo aliacha kusoma. Anasa! Alilitazama neno hilo kwenye karatasi, akaitazama mikono yake iliyoishika, kucha zimejaa udongo wa Machi, na hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma.

"Hii ya anasa hapana," alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi nilipewa vidonge na mume wangu ili nimalize ngoro. Na yeye alipewa na wenzake ili wamalize kupakia makaa. Nilipochimba thelathini kwa siku nilisifiwa. Hata waliopo hapa walinisifu. Hakuna aliyeniuliza nguvu natoa wapi. Maharage mtakayokula leo, wageni..."

"Makofi kwa mama!" mshereheshaji alipaza, akamnyang'anya kipaza sauti huku anacheka kwa meno yote. "Makofi, tafadhali! Mama ana uchungu! Sasa tumsikilize daktari wetu moja kwa moja kutoka mjini!"

Televisheni ikawaka. Daktari Tunu alitokea akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, maua nyuma yake. Mgeni rasmi aliinama mbele. "Daktari, habari za huko?" Daktari Tunu akaendelea kusema kwamba anayo furaha kubwa kuwa nao siku ya leo. "Mnatuona vizuri?" mgeni rasmi aliuliza tena. Daktari akasema teknolojia imeondoa umbali. Mgeni rasmi alikaa, akapiga makofi, na wote wakapiga. Ilikuwa video. Kunigunda alimpungia mkono uso ule mara mbili kabla hajaelewa.

Mpiga picha alimvuta pembeni. "Mama, cheka kidogo. Cheka, umepona." Akacheka. Alitaka wamalize, apewe dawa.

Walipomaliza, wakubwa waliingia kula, na wanaume wawili wakapanda juu ya paa kufungua dishi.

"Tabibu, dawa yangu," alimwambia Stephano.

"Mama Lidia, kasha halifunguki bila namba."

"Mpigie daktari atume."

"Namba yake sina. Kila kitu kinapitia kwenye mtambo."

"Si mtambo huu hapa? Si umezinduliwa leo?"

Stephano alitazama gari, televisheni ikiingizwa imefungwa blanketi, kishikwambi juu yake. "Mtambo ni mmoja. Jumatatu wanazindua Tingi. Jumatano Chiwanda."

"Na sisi?"

"Wamesema utarudi."

"Lini?"

Stephano alisema kwa sauti ndogo, "Nenda Tingi Jumatatu. Wakishafunga, mwombe Frederick akuunganishe na daktari. Mimi nikiuliza zaidi watanihamisha."

Nyumbani Hildegardi alikuwa ameshahamishia mkeka wa Lidia chumbani kwake. "Kifafa," alisema, na hakusema kingine mpaka Jumamosi mchana, Urbani alipofika kutoka Ngaka. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Umenitaja kwenye kipaza sauti," Urbani alisema. "Mbele ya serikali. Mimi nilikusaidia, Kunigunda. Ulikuwa unalia, nikakusaidia."

Kunigunda alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, jasho baridi mgongoni. Jumapili hakwenda kanisani. Tumbo lilikuwa linamwaga maji, mifupa ya miguu ilimuuma ndani kwa ndani, na nje Hildegardi alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nyasi zimeshapangwa, zinaoza, mvua zinakwisha, na maharage yatapandwa wapi, juu ya kitanda?

Urbani aliingia akasimama mlangoni. Alitoa pakiti mfukoni, akaitupa karibu na kichwa chake.

"Meza uchimbe," alisema. "Imebaki miteremko miwili tu. Ukimaliza, utaacha."

Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayemletea mgonjwa uji. Kunigunda aliichukua ile pakiti, akaitazama, akaifunga kwenye pembe ya kanga.

Jumatatu asubuhi aliomba lifti kwenye lori la makaa linaloteremka kuelekea ziwani. Dereva alimsimamishia gari njiani mara tatu ashuke kichakani, na mara ya tatu hakumsema tena. Alimshusha Tingi karibu saa tano, akamwambia, "Pole, mama," akaondoka na vumbi lake jeusi.

Turubai lilikuwa lile lile. Dishi lile lile juu ya paa jingine. Kwenye lango walikuwa wamesimamisha bango la urefu wa watu wawili, na kwenye bango alikuwa yeye, kanga yake, jino lake la pembeni lililovunjika, anacheka. Chini yake maandishi mekundu: NIMEPONA.

Mgambo alimzuia kwa rungu. "Kadi?"

"Sina kadi. Mimi ni mgonjwa wa mradi. Natafuta Bwana Frederick."

"Wagonjwa wa leo wameshapangwa, wako mbele."

"Niitie tu. Mwambie Kunigunda wa Mbinga."

"Bwana Frederick yuko na mgeni rasmi. Kaa mbali kidogo, mama, unanuka."

Ndani ya turubai mshereheshaji alikuwa amepamba moto. "Mnamwona mama yule pale langoni?" alipaza kwenye kipaza sauti, na viti mia vikageuka pamoja. Kunigunda aliinua mkono. Hakuna aliyeutazama mkono wake. Macho yote yalikuwa kwenye bango, juu ya kichwa chake. "Mama yule alikuwa maiti! Leo hii amepona, analima, anacheka!"

Makofi yakapasuka. Tumbo likamsokota, akainama, akashika mlingoti wa bango asianguke, na kitambaa kikalegea, uso ule mkubwa ukakunjamana. Mkono wa pili ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kanga, penye ile pakiti.

Mgambo alimgusa begani kwa ncha ya rungu.

"Toka hapo, mama," alisema. "Unaziba picha."