Kitambaa cha Mwalimu Koleta

Kabla sijabadilisha programu ya kuhariri video, nilikuwa mtu mwenye raha zangu. Programu ya zamani ilikata, ikaunga, ikaweka nyimbo za kwaya, basi. Bibi harusi anaingia kanisani, anatoka kanisani, analishwa keki, anapokea khanga na masufuria, watu wanaangalia wanafuta machozi. Studio yangu hapa Nachingwea ilikuwa na foleni. Kisha Augustino, mpiga video mwenzangu wa Ruangwa, akarusha njiwa.

Namaanisha njiwa wa kwenye kompyuta. Katika harusi moja ya Matambarale aliwapitisha njiwa weupe watatu juu ya kichwa cha bibi harusi, wakageuka mioyo, mioyo ikapasuka ikawa nyota. Haikupita wiki mbili, video ile ilikuwa imeangaliwa wilaya zote mbili, na mimi naulizwa barabarani: "Dastani, wewe njiwa huna?" Iliniuma, sifichi. Miaka saba nawapiga watu picha zao nzuri, leo napimwa kwa ndege.

Nikamwagiza Idd, fundi wetu wa kompyuta, aniletee toleo jipya kutoka Dar. Mwezi wa saba mwaka 2007 akaja nalo kwenye sidii, akaliingiza kwa nusu saa huku anatafuna muwa. Madoido themanini na matatu! Njiwa walikuwemo, na samaki, na moto, na kurasa zinazojifunua zenyewe. Nikamtangazia kila aliyepita mlangoni kwamba sasa kompyuta yangu ni mpya. Mdomo wangu ndio ulioniponza.

Mwalimu Koleta alisikia. Huyu ni mwalimu mkuu, alihamishiwa huku kutoka Rukwa zamani, na tangu afike hakuna kamati isiyokuwa yake. Harusi, kipaimara, jubilei ya masista, kuagana na bwana shamba: mwenyekiti ni yeye, na mwenyekiti ndiye anayechagua mpiga video. Aliposikia "kompyuta mpya" alikuja kesho yake na kitambaa.

Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai inacho, mgongo wa kochi unacho, hata saa ya ukutani nimewahi kuikuta imevaa. Hiki alikifuma mwenyewe kwa uzi mzito mweupe, maua mekundu pembeni, KARIBU MGENI kwa mbele, akakitia wanga kikasimama chenyewe. Akalivisha boksi la kompyuta kuanzia juu hadi mezani, akafunga vifungo vinne kwa nyuma, akarudi hatua mbili kulitazama.

"Sasa ina adabu," alisema.

Nikashukuru sana. Na kwa kweli kilipendeza.

Wiki iliyofuata akanipa harusi ya Josephina, binti wa Mzee Saturnini, katekista mstaafu wa Ruponda. Harusi ilikuwa kubwa, ila baba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, anasubiri operesheni ya tumbo, na daktari alishamwambia bila kuzunguka kwamba moyo wake umechoka, anaweza kulala asiamke. Josephina alitaka kuahirisha. Mzee akakataa. Alimwambia aolewe, ila yeye aletewe video aione kabla hawajamlaza mezani. Operesheni ilipangwa Jumatatu ya wiki ya pili baada ya harusi. Mwalimu Koleta akaahidi mbele ya ndugu wote kwamba Jumapili mzee ataiona, tena yenye njiwa.

Jumanne asubuhi nikaanza kazi. Kwa robo saa mambo yalikwenda vizuri. Robo saa ilipokwisha, kompyuta ikaanza kuburuta miguu. Nabonyeza leo, inaitika kesho. Josephina alikuwa anatoka mlango wa kanisa, amenyanyua mguu ashuke ngazi, picha ikaganda hapohapo. Vigelegele vinaendelea kusikika, matarumbeta yanaendelea, yeye mguu juu. Nikaizima, nikaiwasha. Robo saa, akarudi palepale na mguu wake juu.

Nilifanya yote niliyoyajua. Nilifunga programu nyingine zote. Nilisimamisha kinga ya virusi. Nilifuta michezo, nikafuta harusi za zamani kutoa nafasi. Nikapunguza ukubwa wa picha ya kuonyeshea mpaka Josephina akawa mdogo kuliko kiberiti, na bado mguu ulikuwa juu. Nikalitukana toleo jipya, nikamtukana aliyelitengeneza, nikamtukana Augustino.

Jumatano Mwalimu Koleta akaitisha kamati ndani ya studio. Walikuja kumi na mmoja, wengi watumishi wa serikali, na kila mmoja aliijua kompyuta kupitia kazi yake. Bwana mifugo alisema hizo ni dalili za minyoo, virusi ni jina la kisasa tu. Karani wa mahakama alishauri tulipe toleo onyo kwa maandishi. Dereva wa halmashauri alitaka kujua kama nimewahi kubadilisha oili. Baada ya saa mbili na soda kreti moja, waliunda kamati ndogo ya kuchunguza toleo, mwenyekiti Mwalimu Koleta, na muhtasari ukaandikwa kurasa nne. Kuanzia hapo mwenyekiti akahamia kwangu. Shule zilikuwa zimefungwa. Alileta kiti chake, akakaa karibu na kompyuta, akatoa uzi na sindano, akaanza kufuma kitambaa cha pili, cha kuivisha skrini.

Alhamisi nikamwita Idd. Alikuja na kumbukumbu ya ziada ya kuiongezea mashine nguvu. Alipoweka mkono juu ya KARIBU MGENI aliutoa haraka.

"Bro," alininong'oneza, "hii mashine inachemka kama sufuria. Toleo jipya linaitumikisha, lazima ipumue, na matundu ya hewa yote umeyaziba. Haina kingine. Ivue hilo sweta."

Nilimtazama Idd, nikamtazama Mwalimu Koleta. Alikuwa anahesabu mishono na midomo inacheza.

"Fundi anasemaje?" akauliza bila kuinua macho.

"Anasema ni toleo, Mwalimu," nikajibu.

Idd alinitazama kama mtu aliyeona maajabu, akabeba begi lake akaondoka. Acha aondoke. Yeye hapigi harusi. Nikimwambia mwenyekiti wa kamati zote za Nachingwea kwamba zawadi yake ndiyo iliyoiua kompyuta, kipaimara cha mwezi wa kumi atakipiga Augustino na njiwa zake.

Basi nikatumia ujanja. Nikasema kitambaa kimeingia vumbi, tukifue. Alisema vumbi ndilo lililomfanya akifume, kibaki. Nikasema mchana nafunga studio napumzika. Alisema yeye atabaki kulinda. Nikaingiza mkono kwa nyuma kama natafuta waya, nikafungua kifungo kimoja. Akasimama, akakifunga. Saa kumi kompyuta ikazimika yenyewe, puu, na nikamlaani tena mtengeneza toleo, kwa sauti, ili asikie.

Ijumaa asubuhi Josephina alikuja kutoka hospitali, khanga imefungwa ovyo, macho mekundu.

"Daktari amesema hawezi kungoja Jumatatu," alisema. "Ni kesho saa tatu. Kaka Dastani, iko tayari?"

Kwenye skrini alikuwa yeye, mguu juu.

"Baba amesema kama haijawa tayari usijilaumu. Amesema atafumba macho, atanichora mwenyewe."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nikazunguka nyuma ya meza nikafungua vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, nikakivua kitambaa. Joto likanipiga usoni kama nimefunua chungu. Kilinuka pasi. Nikakikunja vizuri nikamkabidhi Mwalimu Koleta kwa mikono miwili, nikamweleza yote.

Alikiweka magotini. Akakinyoosha kwa kiganja, pale penye maua.

"Umejua tangu lini?"

"Jana, Mwalimu."

"Ukanyamaza."

"Nilikuogopa."

"Mimi uliniogopa," alisema polepole. "Na yule aliyelala kule kitandani, hukumwogopa?"

Hakungoja jibu. Alitafuta cha kupepea, akaokota muhtasari wa kamati ndogo, kurasa nne, akasimama nyuma ya kompyuta akaanza kuipepea. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo muhtasari ule uliwahi kufanya. Josephina wa kwenye skrini akashusha mguu. Akashuka ngazi ya pili, ya tatu, akaingia kwenye gari. Nilitupa njiwa, nilitupa mioyo na nyota, nikakata na kuunga kama zamani, na kabla ya magharibi dividii ilikuwa mkononi.

Jumamosi saa mbili tulikuwa wodini. Televisheni ilikuwa juu ya rafu, nayo ina kitambaa chake. Mwalimu Koleta alikivua mwenyewe. Mzee Saturnini aliinuliwa na mito miwili, tayari amevaa gauni la kijani la operesheni. Aliangalia misa yote. Josephina alipofika mlangoni, amenyanyua mguu ashuke, mzee akainua kidole.

"Papo hapo. Mwanangu, nsimamishie papo hapo."

Nikabonyeza. Wiki nzima niliilaani picha ile. Sasa niliitazama vizuri kwa mara ya kwanza: shela limepeperuka, mdomo umefunguka kidogo, anatafuta mtu kwenye umati ambaye hayupo. Mzee alitazama, akatazama, mpaka wakaja na kitanda cha magurudumu.

Walipomtoa, nilitaka kuzima. Josephina akanishika mkono. Nesi alipita, akaona televisheni iko uchi, akachukua kitambaa akanyoosha mikono aifunike.

"Iache," Mwalimu Koleta alisema. "Iache ipumue."

Tulikaa. Hakuna aliyefuma, hakuna aliyeitisha kikao. Saa sita na nusu walimrudisha, amelala, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka. Ilipofika saa tisa alifungua jicho moja. Akatafuta rafu. Josephina bado alikuwa pale mlangoni pa kanisa.

"He," alisema kwa sauti ya mbali. "Mpaka saa hizi hajashuka tu?"