Rangi Anayoambiwa Mwana

Alfajiri, kabla hajafungua duka lake la chambo cha kuvulia, Wynelle Stroud huyeyusha plastiki katika sufuria ileile aliyokuwa akipikia maharage enzi za uhai wa mumewe. Hutia chumvi, hutia matone ya rangi, hukoroga, kisha humimina kwenye vibao vyenye mifereji. Ikipoa huchomoa minyoo laini yenye mikia ya kupindapinda. Anayo ya zambarau ya zabibu, ya kijani cha tikiti chenye punje nyeusi, ya kahawia ya oili chafu, na nyeusi yenye mkia wa buluu. Huku kwetu Corley, Alabama, samaki wa besi wa mto Cahola hawadanganyiki na minyoo ya dukani ya mifuko inayong'aa. Wanataka ya Wynelle.

Saa kumi na mbili kasoro, zamu ya usiku ya chumba cha rangi hutoka kiwandani na kupitia dukani. Kiwanda hicho cha soksi kilifungwa zamani, mashine zikauzwa, madirisha yakapigiliwa mbao. Wanaume wa zamu hiyo nao ni marehemu wote. Lakini soksi zikishaloweshwa haziachwi, lazima mtu azitoe, kwa hiyo wanaendelea na kazi. Huingia na mabuti yaliyolowa, hunywa kahawa wakiwa wamesimama ili wasichafue viti, kisha huchagua minyoo. Wavuvi walio hai huwatazama mikono. Mikono ikiwa ya kijani, basi ndiyo rangi iliyomwagwa mtoni usiku ule, na mto utapita wa kijani mpaka saa sita mchana. Maji ya kijani ni ya mnyoo mweusi, maji ya manjano ni ya zambarau. Hata mhubiri akishuka garini huuliza kwanza, "Leo wametia nini?"

Tulikipenda kiwanda kile, sitasema uongo. Nikikumbuka king'ora cha Ijumaa moyo bado unaniruka. Krismasi kila nyumba ilipata paja la nguruwe, timu yetu ya mpira ilivaa soksi za rangi ambazo hakuna mji mwingine uliokuwa nazo, na watoto walitoka kuogelea wakiwa na masikio ya buluu, mama zao wakacheka. Kila Aprili nesi wa kampuni aligawa vichupa, wanaume wa rangi wakakojoa, vichupa vikapelekwa ofisini. Majibu hayakurudi, nasi hatukuyauliza. Nyama ilikuwa nzuri.

Sasa, mvuvi wa besi hataji rangi anayonasia. Ukimkuta na samaki watano wa kutisha atakuambia amewapata kwa kijani, na mfukoni ana zambarau. Kwetu hiyo haihesabiwi dhambi. Rangi ya kweli mtu humwambia mwanawe tu, tena pembeni. Hoyt, mumewe Wynelle, alikuwa bingwa wa uongo huo, na akauzoea hadi ukamfuata msalani. Mwaka mzima mkewe alimuuliza mbona anaamkaamka usiku, na mkojo wake una rangi gani, naye akajibu ni kahawa tu, mkojo ni mweupe kama maji ya kisima. Saratani ya kibofu ilimmaliza kabla hajafika sitini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hoyt kilimuumbua, naye hakujifunza kitu.

"Jana walikula rangi gani, Hoyt?" Vernon Pate alimuuliza asubuhi moja ya Mei.

"Kijani cha tikiti."

"Muongo! Umekufa na bado muongo!"

"Kufa hakujanipunguzia samaki, Vernon."

Wote wakacheka, wafu kwa wazima. Mikono ya Hoyt siku hiyo ilikuwa myekundu hadi viwikoni.

Wynelle hakucheka. Mwanawe Lamar aliajiriwa chumba cha rangi akiwa kijana, akasimama pipa moja la rangi na baba yake mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka huu alikuwa ametoboa mkanda wake wa suruali tundu jipya, na akiwa kwenye boti alisimama kukojoa kila mara. Mama yake alimuuliza. Lamar akajibu haraka, akitazama pembeni, kama anavyojibu mtu aliyeulizwa rangi. Wynelle aliijua sauti ile, na tangu siku hiyo alikuwa halali usingizi.

Vernon alipotoka, Wynelle akamwendea Hoyt kwenye rafu ya zambarau.

"Mwanao ananidanganya."

"Anasema kahawa?"

"Anasema kahawa."

Hoyt akarudisha minyoo rafuni. "Msimamizi wetu ameanza kusugua pipa lililo karibu na langu," akasema. "Halina mtu. Nilimuuliza la nani, akapiga mluzi."

Wynelle akaweka upawa chini. "Basi mwambie wewe. Wewe ndiye baba."

Lamar akaingia na funguo za gari mkononi. "Vipi mzee?"

"Salama. Njoo huku nyuma."

Wakasimama karibu na friji la barafu. Ukuta ni wa mbao nyembamba na Wynelle alisikia kila neno.

"Nyekundu," Hoyt akasema.

"Na maji yenyewe mekundu? Nani atamwona mnyoo?"

"Sisemi mnyoo. Nasema mimi. Mwaka mzima kabla sijaanguka. Nesi alikiona kichupa changu akaniambia nipunguze bitiruti."

"Wewe huli bitiruti, baba."

"Sili. Nikanyamaza. Nilikuwa na zamu."

Friji likanguruma, likatulia.

"Tangu Pasaka," Lamar akasema. "Nyekundu, na mabonge."

"Kamwambie mama yako."

"Anatusikia."

"Nawasikia," Wynelle akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Akazima jiko, plastiki ikagandia sufuriani, akampakia mwanawe garini kwenda hospitali. Siku hiyo mto ulipita mwekundu kuliko miaka yote, na Vernon akavua besi mkubwa ambaye hadi leo anasema alimpata kwa kijani.

Lamar alipasuliwa Julai. Daktari alitaka kujua rangi zile zilichanganywa na nini, Wynelle akawapigia simu wenye kampuni, ambao sasa wana jina jingine katika jimbo jingine. Wakamjibu kwa upole kwamba hawana mfanyakazi yeyote Corley. Asubuhi yake aliwasimulia watu wa zamu. Walisikiliza hadi mwisho, wakamaliza kahawa, wakaenda kulala makaburini nyuma ya kanisa la Kibaptisti, maana jioni walikuwa na kazi.

Lamar sasa hukaa karibu na jiko, mwembamba, akimtilia mama yake chumvi sufuriani. Pipa lile bado halina mtu, Hoyt anasema. Msimamizi hulisugua kila usiku.