Kumwita Mama Lydia

Jumanne, tarehe 11 Februari 2003. Asubuhi hiyo barafu nyembamba iliganda kwenye vioo vya magari, na pumzi za watu zilitoka kama moshi.

Sidonie, mzaliwa wa Bukavu aliyehudumia wazee majumbani mwao, alimwomba Mungu njia nzima ndani ya basi. Jana yake alimuumiza mtu. Lydia, mzee wa mtaa wa Walthamstow, aliishi miaka mingi akijulikana kama mwanamume. Sasa aliishi kama mwanamke. Jana hiyo, siku yake ya kwanza kumhudumia, Sidonie alisikia sauti nzito, akamwamkia, "Habari ya asubuhi, Papa," yaani baba. Kwao, kumwita mzee kwa jina tupu ni kumvunjia heshima. Lydia akageukia ukuta, asile kitu.

Leo Lydia alitakiwa hospitali kupasuliwa jicho. Asingekwenda, lingepofuka.

"Siendi," Lydia alisema, akimwonyesha Sidonie kidole. "Wataniita Bwana mbele ya umati. Na huyu atawasaidia."

Chancelle, mwenzake Sidonie kazini aliyekuja naye, akamnong'oneza kwa Kiswahili: "Dada, mwite Lydia tu, tuondoke."

"Mtu mzima vile? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Basi utamwita nani? Ukisema Mama, wanamaombi wenzako kanisani watakucheka mpaka Pasaka!"

"Wacheke. Watachoka."

Sidonie akapiga magoti kumfunga Lydia viatu. Aliomba apewe maneno, akapewa machache.

"Mama Lydia, nilikukosea. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe."

Lydia akamtazama pale chini. "Hakuna aliyewahi kuniita Mama. Ukinitaja kwa watu, sema *she*. Inatosha."

"Kwetu haitoshi. Na hiyo *she* ya wanawake, kwenye darasa la jioni la Kiingereza bado inanitoa jasho, maana kwetu wote ni 'yeye', lakini nitaisema."

Lydia akacheka, akanyoosha mguu wa pili.

Mlango ukagongwa. Dereva wa gari la hospitali, Balwinder, akachungulia. "Yule bwana yuko tayari?"

Lydia akavuta mguu wake. Akakunja uso tena.

"Ni mama, kaka," Sidonie alisema taratibu.

"Samahani, mama. Sikujua." Balwinder akavua kofia.

Lakini Lydia hakuinuka. "Hapa mko watatu. Kule watakuwa wengi. Nani atasema?"

Sidonie akasimama, akamshika mkono.

"Chancelle, Balwinder, mnisikie. Sitaondoka kando ya Mama Lydia mpaka arudi nyumbani. Atakayemwita bwana nitamsahihisha kwa upole, hata awe daktari. Nikiteleza mimi, nitajisahihisha papo hapo. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu."

Lydia akanyoosha tena ule mguu wa pili.