Dumu la Amonia

Asubuhi hiyo Sanit alikuwa akipima asidi ya kugandishia utomvu, bado haijatiwa maji, shemeji yake Thawin alipoingia bandani na kisu cha kugemea mkononi. Miti ishirini ya mpira ya Thawin ilikuwa imechanjwa hadi kwenye mbao. Mti uliochanjwa hivyo haugemeki tena upande huo kwa miaka. Alitaka kujua nani kafanya.

Sanit hakuinua macho. "Labda wewe mwenyewe, shemeji. Siku hizi mkono wako unatetemeka. Hata Malai analalamika."

Malai, dada yake Sanit na mke wa Thawin, alikuwa pembeni nami, mfanyakazi mwenzao, tukimimina utomvu kwenye trei. Sijui kama aliwahi kulalamika. Thawin alikitupa kisu kwanza, na hilo sitamnyima, kisha akampiga Sanit kichwa. Nilisikia pua ikivunjika. Akamfuata chini, teke la mbavu, teke jingine, trei zikapinduka, wakagaagaa kwenye utomvu mweupe uliokuwa ukigeuka waridi. Mkono wa Sanit ukapapasa mezani, ukapata kata ya asidi, ukaimwaga usoni mwa Thawin.

Thawin akapiga ukelele mmoja mrefu na kujishika macho.

Malai alirukia dumu la amonia ammwagie mumewe machoni. Simlaumu. Kila siku utomvu ukianza kuchachuka tunautia amonia na mambo yanatulia. Mikono yake ilikimbilia inachokijua. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguka nilipomshika. Akaning'ata bega hadi damu. Nikampiga ngumi ya shavu kwa nguvu zangu zote, akaanguka, nikalipiga teke dumu likabiringika nje.

Thawin nilimlaza chali, nikamkalia kifuani, nikampanua kope kwa vidole na kumwagia maji ya pipa. Alidhani namzamisha. Alinipiga ubavuni na kooni, nami nikaendelea kumwaga. Pipa lilipokwisha, Sanit, damu ikimchuruzika kidevuni, alikuwa ameshafika na ndoo kutoka kisimani. Hakuna aliyemtuma. Alirudi tena na tena.

"Amonia inaiua asidi, dada," Malai alisema kutoka sakafuni. "Unajua. Kwa nini umeninyima?"

Nilimjibu huku nikimwaga. Kitabu cha kemia cha binti yangu, nilichokisoma mara tatu, kinasema asidi hutoa protoni na besi, kama amonia, huipokea. Asidi haichagui wa kumpa. Maji yakiwa haba, inaipa nyama ya jicho. Maji yakiwa mengi, yanapokea, yanapokezana, yanaondoka nayo. Amonia nayo hupokea, ila kwa pupa na kwa moto, na inayobaki inalila jicho upya.

"Inaiua kweli," nikasema. "Lakini zingepigania wapi?"



Kwenye ndoo ya arobaini Thawin aliacha kunipiga. Nikaondoa vidole. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha. La kulia lilikuwa jekundu tupu; likacheza, likapita juu ya Sanit aliyesimama na ndoo bila kujua aiweke wapi, likafika kwa mkewe, likatulia.

"Nani kakupiga shavuni?" akauliza.

Malai alilifunika shavu kwa kiganja. Kisha akakiondoa, akamsogelea, ili alione vizuri.