Kiatu cha Kushoto

Uji ulikuwa umeshika chini. Mpishi aliinamia sufuria akakwangua ukoko kwa kijiko cha bati, mkono mmoja ukiwa kwenye nyonga, ile iliyovunjika siku kilima kilipoporomoka. Foleni ya watoto ilifika mlangoni. Wote walitoka mtaa ule ule uliofukiwa, chini ya machimbo ya kokoto ambayo hata sasa yalikuwa kazini. Kila baruti ilipolipuka, vikombe vilitetemeka mezani.

Chiriku alifika na bakuli lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Hilo halikumshtua mtu. Kila mtoto pale alimwita mwanangu. Lakini chini ya bakuli kidole kidogo kilimkwaruza kiganjani, haraka, mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Ilimaanisha mama.

Kituo kilipokea watoto wasio na baba wala mama. Baba yake Chiriku alibaki kwenye tope. Mama alitolewa hai, akatoka hospitali hana mume, hana nyumba, hawezi kubeba mzigo. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, bila ubaya.

"Mama, yatima nusu hana mfadhili. Lakini shangazi naweza kumpa jiko."

Hivyo ndivyo mama alivyofariki, akabaki shangazi.

Watoto walipotawanyika, Dada Pole aliingia jikoni. Jina hilo walimpa wao, kwa kuwa alimpa pole hata aliyepiga chafya. Alikuwa amemaliza chuo juzijuzi, akavuka mpaka kwa nauli yake mwenyewe kuja kujitolea. Mashuka yaliyokojolewa aliyafua mwenyewe, wala hakusema ni ya nani. Mpishi alimpenda, na ndiyo maana alimwogopa.

"Shikamoo, mama. Pole na moshi."

"Marahaba. Ndiyo manukato yetu haya."

Dada Pole alicheka, akakalia ndoo iliyopinduliwa. "Nimekuja kwa ajili ya Chiriku. Wenzake wote wameshawalilia wazazi wao. Yeye hata chozi. Nikimtaja mama yake ananitazama tu, kama namsimulia habari za jirani."

"Kila mtu na machozi yake, binti yangu."

"Yanamwozea ndani, mama. Hawa hawana hata kaburi la kulilia. Kesho tutazika. Kila mtoto atashika kitu cha marehemu wake, atamuaga, tutafukia. Wewe ni wifi yake marehemu. Huna chochote chake?"

Mpishi alikifuta kijiko ambacho kilikuwa kimeshakauka.

"Na ikitokea mtoto ana mama?"

"Yupo wa hivyo?"

"Nauliza tu."

Uso wa Dada Pole uling'aa. "Furaha iliyoje! Ningemkimbilia mkurugenzi saa hiyo hiyo. Mtoto angerudi nyumbani kwao siku hiyo hiyo!"

"Nyumbani," mpishi alirudia.

Mkurugenzi alichungulia dirishani. "Shangazi, msaidie mgeni wetu. Wafadhili wanazisubiri picha za mazishi hayo. Wakizikosa, kesho utatupikia kokoto."

Alicheka peke yake, akapita.

Mpishi alikwenda kwenye chumba chake nyuma ya stoo. Chini ya kitanda kulikuwa na kiatu cheusi cha kushoto. Alitolewa kwenye tope akiwa nacho hicho kimoja. Kilikuwa na kifungo pembeni. Zamani, kila asubuhi alipokuwa mbioni kuwahi kazini, Chiriku ndiye aliyekuwa akimfungia, huku akipiga domo bila kupumua.

Alikipangusa kwa mkono wa gauni, akampelekea Dada Pole.

Kesho yake watoto walizunguka shimo nyuma ya madarasa. Mpishi alisimama kwenye mlango wa jiko. Chiriku alipokabidhiwa kiatu, alikitambua. Aligeuka akautazama mlango ule.

Mama yake aliitikia kwa kichwa.

"Muage mama," Dada Pole alisema taratibu, amepiga magoti kwenye udongo. "Mwambie aende, apumzike."

"Kwaheri, mama."

"Kwa sauti, mpenzi. Akusikie."

"Kwaheri, mama!"

Alisikia.

Chiriku alifunga kifungo, akakilaza kiatu shimoni. Koleo la kwanza liliposhuka, baruti ililipuka huko machimboni na ardhi ikatikisika. Mtoto akapiga ukelele. Akajirusha shimoni, akawa anaufukua udongo kwa kucha, akiita mama, mama. Mpishi aliinua mguu. Mkurugenzi, simu yake ikiwa juu ikipiga picha, alimtupia jicho moja tu. Mguu ukarudi chini.

Dada Pole ndiye aliyemkumbatia, naye akilia. "Lia, mpenzi. Lia."

Jioni alikuja jikoni mbio, macho yamevimba, uso wote tabasamu. "Amelia, mama! Umemwona? Ameanza kupona!"

"Nimemwona."

"Bila wewe nisingeweza."

Foleni ilikuwa imeshafika mlangoni. Chiriku alisogea na bakuli lake, udongo bado umo kwenye kucha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Mpishi alipakua, akalirudisha bakuli, mkono wake ukiwa chini yake, akangoja kidole. Mtoto alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka.

Kiganja kilibaki wazi juu ya meza, mpaka mtoto aliyefuata alipoweka bakuli lake juu yake.