Gari Lisilolala

Gari lenyewe halikuwa na kosa. Lilikaa chini ya banda la mabati katikati ya ua, jeupe, kimya, halimwagi mafuta wala halitoi moshi, na lingeachwa lipumzike lingepumzika. Shida ilikuwa watu. Katika nyumba ile watu walikuwa watatu tu, lakini chuki yao ingetosha kugawiwa mtaa mzima na ikabaki.

Wa kwanza ni mwenye gari. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo, ila kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, watu walimwita Kapteni, naye akaitika bila haya. Akiondoka ameondoka, miezi inakatika. Wa pili ni mkewe, aliyebaki nyumba kubwa. Wa tatu ni dada yake Kapteni, mshonaji, mjane, aliyepewa chumba cha nyuma na pembe ya kibaraza ya kuwekea cherehani. Dada huyo ndiye aliyembeba Kapteni mgongoni wakati mama yao yuko kazini. Ungedhani jambo kama hilo lina uzito. Thubutu!

Sharti la kukaa kwenye chumba kile lilikuwa moja: atunze gari. Siku ya kuondoka Kapteni alimwita bandani akamsomea amri zake. Betri isijae kabisa wala isiishe kabisa, ikae karibu na nusu, maana gari la umeme likiachwa muda mrefu limejaa au limekauka, betri inazeeka kabla ya wakati wake. Kila Jumamosi achomeke waya, ikifika nusu achomoe. Magurudumu ayajaze upepo, alisogeze gari kidogo yasilalie upande mmoja. Panya awawekee dawa wasile nyaya. Na asilifunike turubai hata siku moja. Dada akauliza, na vumbi je? Akaambiwa afute.

"Nikirudi nikalikuta limekufa, dada, chumba nampa mtu mwingine," alisema Kapteni, kavukavu, bila hata kumtazama usoni.

Mshonaji alipokea ufunguo. Nje ya geti lile hakuwa na mtu wala mlango. Wateja wake walimjua kwa kibaraza kile, na cherehani yake ya miguu si kitu cha kuzunguka nacho barabarani kama karanga. Kwa hiyo alilitunza gari. Alilifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso, akayainamia magurudumu mpaka kiuno kikamlalamikia.

Sasa njoo kwa wifi. Kapteni alikuwa amempa dada ufunguo, mkewe hakumpa hata wa akiba. Hebu fikiria, mwanamke yuko kwenye ndoa yake, anapita kila siku mbele ya gari la mumewe kama mpita njia! Hasira hiyo angeipeleka kwa nani, kwa mtu aliye baharini? Akaipeleka kwa wifi yake. Akimwona anafuta vioo, anamuuliza mume wake wa bati ameamkaje. Mshonaji akianika nguo za wateja, wifi anafagia ua kwa nguvu mpaka vumbi lote liende kwenye kamba. Salamu zilikuwa zimekufa zamani, hata matanga hayakuwekwa.

Kisha zikaanza simu. Kapteni alikuwa analiona gari kwenye simu yake, chaji ipo wapi, milango imefungwa au la. Akapiga akiwa mkali. Gari limeegeshwa, haliendi popote, lakini chaji inashuka kama ndoo iliyotoboka. Likitiwa nusu Jumamosi, katikati ya wiki limeshuka vibaya. Nani analitumia?

Mshonaji aliapa kwamba hajalitumia. Kapteni akampigia mkewe, naye mke hakusita hata kidogo. Alisema, kwa sauti ya upole ya mtu anayekulisha sumu, kwamba yeye hapendi maneno, lakini mchana jua likiwa kali wifi yake anaingia garini, anajifungia, anawasha kiyoyozi, anashonea vifungo humo.

Uongo mtupu. Na ulikuwa uongo mzuri, maana ulieleza kila kitu. Mwenye ufunguo ni mmoja, umeme unapotea, mwizi atafutwe wapi tena? Kapteni alimpigia dada yake, akamtajia aliyoyasema mkewe, akamporomoshea maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa wa jirani. Mshonaji alilia, kisha akakasirika, kisha akaogopa, na woga ndio uliobaki. Akahamishia cherehani kando ya banda, akawa anashona huku analikodolea gari macho. Hakumwona mtu akiligusa. Jioni, taa ndogo kwenye mlango wa gari ilionyesha chaji imeshuka tena. Alianza kulichukia gari lile kama mtu.

Kapteni alipokaribia kurudi, transfoma ya mtaa ikaungua. Siku zikapita hakuna umeme. Mshonaji alikwenda kwenye ofisi ya umeme akasimama foleni na wenye mabucha na wenye saluni, akaambiwa mafundi wako njiani. Njia gani hiyo isiyoisha? Alimpigia Kapteni kumweleza. Kapteni akamjibu kwamba gari lililolala halili umeme; lingetulia lingekaa wiki na wiki bila kuchajiwa. Na hapo, kusema haki, alikuwa anasema kweli tupu.

Siku mbili kabla hajafika, gari likazima moja kwa moja.

Kapteni aliingia getini asubuhi, hakusalimu. Alibonyeza simu, alibonyeza ufunguo, akavuta mlango. Kimya. Akamgeukia dada yake akamwambia akusanye vitu vyake. Mkewe alisimama mlango wa jikoni amekunja mikono, na ule uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba.

Mshonaji hakumbembeleza. Aliingia chumbani akaanza kufunga vitambaa vya watu kwenye shuka, anachanganya vya huyu na vya yule. Alipokuwa anafunga ndipo umeme ukarudi, na mtaa mzima ukashangilia. Kapteni akaazima waya kwa jirani, dereva wa teksi, akaiamsha ile betri ndogo inayofungua milango, kisha akachomeka chaja. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka.

Angeishia hapo, angebaki mshindi. Lakini Kapteni hakuwa mtu wa kushinda bila watazamaji. Alimzuia jirani asiondoke, akamwita mkewe, akamwita dada yake na furushi lake, akatangaza kwamba gari hili linaandika lenyewe umeme wake umekwenda wapi, na leo kila mtu ataona kwa macho yake namna watu wanavyokula fadhila. Akafungua ukurasa huo, akamwambia mkewe, aliyekuwa karibu na kioo, asome kwa sauti.

Mke akasoma. Kuendesha, karibu hakuna. Kiyoyozi, hakuna. Hapo sauti ikapungua kidogo, maana uongo wake ulikuwa unakufa mdomoni mwake mwenyewe. Kuamshwa kwa simu, sehemu kubwa. Kamera za ulinzi, sehemu iliyobaki yote.

"Kamera gani?" aliuliza.

Kapteni akanyoosha mkono kuzima. Mkewe akawa mwepesi zaidi, akagusa ile picha ya kamera, na video zikafunguka zimejipanga. Gari lilikuwa linatazama kila saa, mchana na usiku, na kila mwenye gari alipochungulia kutoka baharini liliamka likafungua macho. Ndiyo maana halikulala, na mwenyewe hakuwahi kudhani kwamba kuchungulia nako kunakula umeme. Na lilichokuwa linatazama, kwa vile pua yake ilielekea huko, ni mlango wa jikoni. Mke alijiona kwa mgongo, anaanika nguo. Alijiona anapokea mtungi wa gesi, anacheka na muuza gesi, na video hiyo imewekewa alama isifutwe. Akafungua nyingine yenye alama. Alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemfunika uso, mabega yanapanda na kushuka.

Aliitazama mpaka mwisho. Hata yule jirani aliacha kukunja waya zake.

"Hii ni siku mama yangu alipofariki," alisema. "Nilikupigia mpaka simu ikaisha chaji. Uliniambia meli haikuwa na mtandao."

Kapteni alisema ni suala la usalama, siku hizi wezi wamezidi. Dada yake akaweka furushi chini.

"Ulikuwa na macho hapa uani siku zote," alimwambia, "na hukuona kama nimeingia garini au sijaingia. Mimi hukuwa na haja ya kunitazama. Mimi ulinihukumu tu."

Kisha akamgeukia wifi yake, maana deni la matusi halikuwa la mtu mmoja, akamuuliza, na kile kiyoyozi alichodai kwamba yeye anajipulizia garini je?

"Nilisema uongo," alijibu wifi, macho makavu. "Nilitaka uondoke." Akauchukua ufunguo mkononi mwa mumewe, na mume, cha ajabu, aliuachia. "Cherehani yako ilete nyumba kubwa, chumba cha mbele kina mwanga. Huko nyuma atalala mwenye kamera."

Kapteni alicheka, akimtafuta mtu wa kucheka naye. Jirani alikuwa ameshafika getini. Akamtazama dada yake, yule aliyembeba mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alimwita kwa sauti ya chini, "Dada."

Mshonaji hakugeuka. Hakumpenda wifi yake, na hakuanza kumpenda siku ile. Lakini cherehani ya miguu ni nzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo alishika upande wake, wifi akashika wa pili, wakaibeba hadi ndani.